TUSIMTUPE YATIMA MLANGONI MWA SEKONDARI

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye yeye mwenyewe alikulia katika uyatima. Ama baad:

Ndugu zetu Waislamu, misikiti yetu mingi ina sanduku la mayatima, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini imezuka hoja katika baadhi ya kamati zetu, nayo husemwa kwa sauti ya kielimu: kwamba mtoto akishabaleghe, udhamini wa masomo yake ukatwe, kwa kuwa sharia haimhesabu tena kuwa ni yatima. Jina lake hufutwa daftarini, likaandikwa la mtoto mwingine aliye mdogo, na kamati ikalala usingizi ikidhani imetekeleza amana. Sisi tunasema: hiyo si fiqhi, ni ubahili uliovikwa kilemba.

Tuitazame hoja hiyo inapotua. Tuwaangalie ndugu zetu wa Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Uislamu uliingia huko katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa Pwani waliofanya makao Nkhotakota, na Wayao wa Mangochi na Machinga wakaupokea kwa wingi. Zama za ukoloni shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazee wengi wa Kiislamu wakawazuia watoto wao wasiende, wakichelea wasije wakabadilishwa dini. Hofu ile ilikuwa na msingi, lakini gharama yake wamekuja kuilipa wajukuu, kwa kubaki nyuma katika elimu na katika nafasi za kazi.

Juu ya hayo ukaja Ukimwi, uliozipiga nchi za kusini mwa Afrika kuliko sehemu nyingine yoyote ya dunia. Nchini Eswatini, takriban robo ya watu wazima wanaishi na virusi vyake. Dawa zimepunguza vifo, alhamdulillahi, lakini hazimrudishi baba aliyekwisha kuzikwa. Na mwezi Machi 2023 kimbunga Freddy kikaua mamia ya watu kusini mwa Malawi. Watoto wa misiba hii wako kwa bibi zao, na bibi hana ila jembe.

Sasa tufanye hesabu. Serikali ya Malawi ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1994. Elimu hiyo ni ya miaka minane. Anayeianza akiwa na miaka 6 huimaliza akiwa na 14, na anayekariri darasa huchelewa zaidi. Ndipo inapoanza miaka minne ya sekondari pamoja na mahitaji yake: sare, madaftari, nauli, na bweni kwa anayekaa mbali. Umri huo ndio umri wa kubaleghe! Basi mwenye kukata udhamini hapo amemdhamini mtoto katika miaka isiyo na ada, akamkimbia katika miaka yenye gharama. Hata ada ya sekondari inapofutwa, kama Zambia ilivyofanya mwaka 2022 katika shule za serikali, sare haijinunui wala nauli haijilipi.

Na binti je? Malawi ilirekebisha katiba yake mwaka 2017 ikaweka umri wa ndoa kuwa miaka 18. Lakini binti aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa mahitaji ya shule, bibi yake atamwoza kwa yeyote atakayemlisha. Nasi tutakuja kulalamika mimbarini kwamba mabinti wa Kiislamu hawasomi!

Tuje kwenye dalili. Hadithi wanayoitegemea ameipokea Abu Daud kutoka kwa Ali (r.a.), nayo yaeleza kwamba uyatima hukoma kwa kubaleghe. Tunaikubali. Lakini hadithi imeondoa jina na hukumu zake, haikuharamisha kumsaidia mhitaji. Kisha tusome aya ya 6 ya Surat An-Nisaa: yatima hakabidhiwi mali yake kwa kubaleghe peke yake mpaka ionekane kwake rushdi, yaani ukomavu wa kuendesha mambo yake. Ikiwa mwenye mali huzuiliwa mali yake kwa kuwa bado hajakomaa, vipi asiye na mali aachwe peke yake siku ile ile aliyobaleghe?

Zaidi ya hayo, mtoto huyo akitoka katika mlango wa uyatima huingia katika mlango wa mafakiri na maskini, ambao ndio wa mwanzo kutajwa katika aya ya zaka, At-Tawba 60. Imam an-Nawawi katika Al-Majmuu amesema kwamba mwenye uwezo wa kuchuma, lakini kuchuma kutamkatisha elimu ya sharia, ni halali kwake kupewa zaka. Atasema msemaji: hiyo ni elimu ya sharia, si hisabati. Tunamjibu: maulamaa wameihesabu tiba na hesabu kuwa katika faradhi za kutosheleza, na mtoto wa miaka 14 asiye na kitu ni fakiri kabla hujamuuliza anasoma nini. Kwa mlango huo huo huingia aliyefiwa na mama tu, na ambaye baba yake yu hai lakini hawezi kuinuka kitandani. Hao kifiqhi si mayatima, lakini njaa yao haiulizi istilahi.

Basi tunazitaka kamati zetu zifanye mambo matatu. Kwanza, udhamini uandikwe tangu siku ya mwanzo kuwa ni mpaka kumaliza kidato cha nne. Pili, kama fedha ni chache, wachukuliwe watoto kumi wafikishwe mwisho, wasichukuliwe hamsini wakapigwa picha na kuachwa njiani. Tatu, mtoto aachwe kwa bibi yake maadamu yuko salama, na msaada umfuate huko huko. Marehemu Dkt. Abdulrahman al-Sumait wa Kuwait, aliyefariki mwaka 2013, alianzia kazi yake Malawi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakuishia kwenye kujenga misikiti na kuchimba visima, bali alilea mayatima na kuwasomesha, akaidumu kazi hiyo miongo kadhaa. Tofauti yake na sisi si wingi wa mali peke yake, ni kutochoka.

Mtume (s.a.w.) alipoeleza ukaribu wake Peponi na mlezi wa yatima aliashiria kwa vidole viwili. Nani kati yetu yuko radhi kuukata ukaribu huo katikati ya masomo ya mtoto?

Wabillahi tawfiq.