Sefu za Matajiri wa Kale Zapimwa kwa Kilo

Nyumba ya kale inapovunjwa katika Mji wa Kale wa Mombasa, au Lamu, au Malindi, kitu cha kwanza kuulizwa ni mlango. Mnunuzi huja na pesa zake mkononi kabla ya vifusi kuzolewa. Baada ya mlango huulizwa boriti, na baada ya boriti makasha ya njumu, ikiwa yamebaki. Lakini ile sefu ya chuma iliyojengewa ukutani, au iliyosahauliwa pembeni mwa ghala la chini kwa kuwa hapana wa kuibeba, haina wa kuiuliza ila mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Yeye huipima kwa kilo, akaikata kwa gesi, na habari yake ikaishia hapo.

Hapa pana hasara, na si hasara ya chuma.

Yafaa kwanza tukumbuke sefu hizi zilikuwa na kazi gani. Benki ya National Bank of India ilifungua mlango wake Unguja mwaka 1892, na Mombasa mwaka 1896. Kabla ya hapo, na kwa watu wengi hata baada ya hapo, benki ilikuwa ni tajiri wa mtaa mwenye sefu: mwuza nguo, mwuza nazi na mbata, au mwenye majahazi. Kwake watu waliweka reale zao, vipuli na vikuku vya wake zao, na khasa karatasi zao. Basi sefu ya tajiri haikuwa na mali ya tajiri peke yake. Ilikuwa na amana za watu, na wengi wa watu hao walikufa, na yeye akafa, na ufunguo ukapotea katikati.

Watu hudhani kuwa kilichomo ni dhahabu. Mara nyingi hapana dhahabu. Pengine patapatikana rupia za Kihindi, ambazo zilikuwa ndizo fedha za nchi hii mpaka mwaka 1920, au zile pesa za shaba zenye mizani zilizotolewa na Kampuni ya Kiingereza ya Imperial British East Africa mwaka 1888 zikiwa na jina la Mombasa, na tarehe ya Kiislamu ya 1306. Hizo zina wapenzi wake. Lakini chenye thamani kuliko vyote ni karatasi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya Mwambao, na kila mwenye shamba akatakiwa aende adai chake. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Msomaji wa Pwani hana haja ya kuelezwa magomvi yaliyotokana na hapo, kwani mengine hayajesha mpaka leo. Hati moja iliyoandikwa kwa khati za Kiarabu, yenye mashahidi na mipaka ya shamba, huenda ikawa imelala miaka mia katika sefu ambayo kijana wa mkokoteni amepewa shilingi chache aiondoe.

Sasa, vipi mtu ataijua sefu aliyoikuta ni ya lini na ya nani? Kazi hii si ngumu kama inavyodhaniwa, lakini yataka subira na kitambaa chenye mafuta kabla ya patasi.

Tazama kwanza bamba la shaba mlangoni. Mara nyingi limepakwa rangi mara nne au tano, nawe utaliona kama uvimbe tu. Likisafishwa litatoa jina. Milner ni wa Liverpool, Chatwood ni wa Bolton, Chubb ni wa London na Wolverhampton, Fichet ni wa Paris. Godrej ni wa Bombay, naye alianza na makufuli mwaka 1897 kabla ya kuingia katika sefu miaka michache baadaye. Si ajabu kumkuta huku, kwani biashara yetu na Bombay ni ya zamani kuliko bandari ya Kilindini. Baada ya jina, soma anwani. Chubb walikuwa na duka katika mtaa wa Queen Victoria Street, na mtaa huo wenyewe ulifunguliwa mwaka 1871. Sefu yenye anwani hiyo haiwezi kuwa ya kabla yake. Likitajwa jina la Malkia pamoja na nembo ya ufalme, na umbo lote likawa la kizamani, basi ni la kabla ya Januari 1901, alipokufa Victoria. Kisha tafuta namba. Huwa imepigwa kwenye kitasa, au kwenye ufunguo ukibahatika kuwapo, na namba hiyo ndiyo njia ya kumwuliza mtengenezaji, ikiwa angali hai au vitabu vyake vimehifadhiwa.

Mwili wa sefu nao husema. Zile za zamani zina pembe zilizoungwa kwa vyuma na misumari ya kugongwa, na zile za baadaye mabati yake yamekunjwa pembeni bila ya kiungo. Ndani ya kuta mbili Milner na wenziwe walitia shabu na unga wa mbao. Shabu ikipata moto hutoa maji yake, na maji hayo huzuia karatasi zisiungue. Hila nzuri kabisa, ila katika joto na chumvi ya Pwani dawa hiyohiyo huila sefu kutoka ndani, na ndiyo sababu utaona sefu iliyosimama imara kwa nje ikaporomoka ilipoinuliwa.

Kitasa chataka neno lake. Mwaka 1818 Jeremiah Chubb alitengeneza kitasa ambacho kikijaribiwa kwa ufunguo wa uwongo hujifunga na kukataa. Mwenyewe akija na ufunguo wake wa haki, akaona umekataa, hujua kuwa mwizi amepita. Huuzungusha upande wa pili kwanza, kitasa kikarudi katika hali yake. Watu wa London walikiamini mpaka mwaka 1851, Mmarekani mmoja aitwaye Hobbs alipokifungua kwa vyuma vyake wakati wa yale Maonyesho Makuu. Nayasema haya kwa sababu wako wanaopata ufunguo wa zamani, wakautia, ukakataa, wakaita mwenye gesi papo hapo, kumbe ufunguo ni wenyewe.

Katika dini yetu jambo hili limesemwa kwa uwazi wa kushangaza. Katika hadithi iliyopokewa na Zayd bin Khalid al-Juhani, Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya kitu kilichookotwa, naye aliamuru kwanza kijulikane chombo chake na kifungo chake, kisha kitangazwe mwaka mzima. Chombo na kifungo! Ndiyo bamba na kitasa hayo. Wanavyuoni wa Kishafii wakaongeza kuwa tangazo liwe masokoni na kwenye milango ya misikiti, si ndani yake. Nao wapo wanaosema kwamba mali ya namna hii ni rikazi, mwenye kuipata atoe khumsi na kilichobaki ni chake. Hoja hiyo haisimami. Rikazi ni mali iliyozikwa zama za kabla ya Uislamu. Sefu ya mtu aliyeswali Ijumaa katika msikiti tunaoswali sisi, na ambaye wajukuu wake tunawajua kwa majina, si rikazi. Mwenyewe akijulikana, hata kuokotwa haikuokotwa: ni mirathi, na mlango wake ni kwa kadhi, ambaye Katiba ya mwaka 2010 imemwachia mambo ya urithi baina ya Waislamu. Na zikikutwa ndani amana zenye majina ya wengine, hizo hazirithiwi na watu wa nyumba.

Sheria ya nchi ina pengo ambalo halina budi kutajwa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yahesabu kuwa kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Mlango wa nakshi umependelewa: hulindwa ukiwa ulichongwa kabla ya mwaka 1946. Kwa hivyo mlango wa mwaka 1930 una mlinzi, na sefu iliyoshushwa forodhani mwaka 1900, iliyokuwa nyuma ya mlango huohuo, haina. Waziri anayehusika amepewa uwezo na sheria hiyo kutangaza vitu vingine vilindwe. Sioni kwa nini sefu za kabla ya mwaka 1946 zisitangazwe pamoja na vilivyomo.

Upande wa vyuma chakavu, sheria ya mwaka 2015 yamtaka mfanyabiashara awe na leseni na aandike alichonunua na aliyemwuzia. Mwezi wa Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara hiyo nchi nzima baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, ikaifungua tena mwezi wa Mei mwaka huohuo. Mawazo ya wakubwa yalikuwa kwenye nyaya na minara, na hayo yana haki yake. Lakini daftari lile lile la mnunuzi lingeweza kutaja pia jina lililo kwenye bamba na namba iliyo kwenye kitasa. Mistari miwili tu.

Kwa aliye na sefu nyumbani leo: usiitoboe, usiichome, wala usivunje kuta zake kutazama kilichojazwa, maana nyingine zina asbesto, na vumbi lake huua mapafu polepole. Ipige picha bamba, kitasa na mgongo. Waulize wazee wa mtaa duka lile lilikuwa la nani. Mwite fundi wa vitasa, na siku ya kuifungua wawepo mashahidi wawili na mtu wa kuandika, kila karatasi ihesabiwe kabla haijatoka chumbani. Karatasi zilizogandamana zisibanduliwe kwa mkono. Zipelekwe zilivyo kwa watu wa makumbusho katika Ngome ya Yesu.