Kovu la Mwenzako

Katika kila mahali pa kazi, pawe ofisi, duka, kiwanda au shule, hupatikana mtu mmoja ajuaye mambo ambayo hakuna aliyemwuliza. Ajua kwamba karani wa pili aliwahi kufungwa gerezani. Ajua kwamba mpishi alifukuzwa kazi yake ya kwanza kwa ulevi. Ajua kwamba binti wa mapokezi alizaa kabla ya kumaliza masomo. Habari hizi humwasha ulimini kama pilipili. Siku moja huenda kwa mwajiri, hubisha hodi, hufunga mlango nyuma yake, kisha husema kwa sauti ya unyenyekevu, "Bwana mkubwa, nimeona ni wajibu wangu kukuarifu." Dai langu ni hili: neno hilo "wajibu" aghalabu ni joho la kuazima, na aliyejificha ndani yake ni husuda, au woga, au tamaa ya cheo.

Wewe msomaji ungali shuleni, na huenda ukadhani jambo hili halikuhusu. Lakini miaka michache ijayo utakuwa na mwajiri, utakuwa na wenzako, na utakuwa na siri za watu mikononi mwako. Yafaa uamue mapema utazitumiaje, kwa maana mtu asiyeamua mapema huamuliwa na hasira ya siku ile.

Wako watakaonipinga. Watasema kwamba mwajiri ndiye atulishaye, na kumficha neno ni kumfanyia khiana. Watanikumbusha methali yetu ya kale: mwenye kovu usidhani kapoa. Watauliza, je, mwizi wa jana akiiba tena leo, aliyenyamaza si mshiriki wake? Hoja hiyo ina nguvu, nami sitaikwepa. Walakini na tuipime kwanza, tuone uzito wake halisi.

Mwajiri si mtoto yatima asiye na wa kumtetea. Katika Kenya anao mlango wake wa kuingilia katika historia ya mtu: aweza kumtaka mwombaji kazi alete cheti cha tabia njema, kitolewacho na Idara ya Upelelezi wa Jinai baada ya alama za vidole kuchunguzwa. Aweza kuwaandikia waajiri waliotangulia. Aweza kumwuliza mwombaji mwenyewe, uso kwa uso. Ikiwa aliuliza akajibiwa, ajua. Ikiwa hakuuliza, ameamua kwamba kazi yake haihitaji jibu. Kwa vyovyote, hakukuajiri wewe uwe mpelelezi wa wenzako; alikuajiri uandike hesabu, au upange bidhaa, au uendeshe gari.

Na sheria ya nchi haikukaa kimya. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na haki ya kutofichuliwa habari za jamaa yake na mambo yake ya ndani pasipo lazima. Sheria ya mwaka 2006 juu ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi yakataza matokeo ya kipimo cha mtu kutangazwa bila idhini yake, ila kwa njia chache ilizozitaja yenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya mimba au ya virusi hivyo. Na tangu mwaka 2019 iko sheria ya kulinda habari za watu, ambayo kwayo karani aliyeaminiwa faili hana ruhusa ya kulitoa kama gazeti la kusomea wenzake. Basi anayekwenda kunong'ona mlangoni mwa bwana mkubwa habari kama hizi asijiite mlinzi wa sheria. Huenda yeye ndiye anayeivunja.

Tazama sasa matunda ya unong'onaji huo. Mwandishi Mfaransa Victor Hugo, katika riwaya yake kubwa iliyotoka mwaka 1862, alimchora mwanamke aitwaye Fantine, aliyefanya kazi kiwandani. Fantine alikuwa na mtoto asiye na baba wa kumlea, akamficha kwa watu wa mji mwingine na kuwapelekea fedha za kumtunza. Hakuiba wala hakuzembea. Lakini alikuwako mwanamke mmoja mdadisi, aliyefunga safari na kutumia fedha zake mwenyewe, ili tu akamwone mtoto huyo kwa macho. Aliporudi, siri ilitoka, na Fantine akafukuzwa kazi. Baada ya kazi aliuza nywele zake. Baada ya nywele, meno yake mawili ya mbele. Baada ya meno, mwili wake. Na mwisho alikufa. Mwenye kiwanda hakuwa na habari ya kufukuzwa kwake, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa gerezani miaka 19, ila alikuwa akitumia jina jingine. Hiyo ni hadithi, nami sidai kuwa ni zaidi ya hadithi. Lakini jiulize: mwanamke yule mdadisi alipata faida gani? Kiwanda kilipata faida gani? Mfanyakazi mmoja mzuri alipotea, mtoto mmoja akakosa mama, na mtu mmoja akalala usingizi mzuri akidhani ametenda haki.

Wala hatuna haja ya kwenda Ufaransa. Nchi yetu wenyewe iliionja sumu hii. Mwezi wa Aprili mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, na watu wakapangwa mistari, wapite mbele ya watu waliofunikwa magunia kichwa hadi mwili, yakiwa na matundu ya macho tu. Wagikuyu waliwaita gakunia, yaani kijigunia. Gunia lilipotikisa kichwa, mtu aliyekuwa mbele yake alitengwa, akapakiwa, akapelekwa kizuizini. Watu zaidi ya 20,000 walizuiliwa katika operesheni ile. Mshitakiwa hakumwona mshitaki wake, hakusikia shitaka, hakupata nafasi ya kujibu. Najua kwamba ofisi si kambi, na barua ya kufukuzwa kazi si seng'enge. Lakini desturi ni ile ile: mmoja anasema gizani, mwingine anaadhibiwa mchana. Anayepeleka habari za mwenzake kwa siri, kisha akatoka nje na kumsalimu kwa tabasamu, amevaa gunia hata kama suti yake ni ya bei kubwa.

Sasa na tulikabili swali gumu. Chukulia kwamba mtunza hazina wa chama cha ushirika, mtu wa makamo, alifungwa kwa wizi alipokuwa kijana wa miaka 19. Alimaliza kifungo chake, akahama, akaoa, akafanya kazi miaka 20 bila hata shilingi moja kupungua. Wewe watoka kijiji chake, nawe wajua. Je, useme? Nasema la, usiseme. Mahakama ilimpa adhabu yenye mwanzo na mwisho. Wewe ni nani umwongezee adhabu isiyo na mwisho? Uingereza, tangu mwaka 1974, ina sheria inayosema kwamba hatia za namna nyingi, baada ya muda maalumu kupita bila kosa jingine, zihesabiwe kuwa zimekwisha, na mwenye nazo asilazimike kuzitaja katika kazi nyingi. Walioitunga hawakuwa wapenda wezi. Walielewa jambo moja la akili: mtu anayenyimwa kila kazi ya halali kwa sababu ya jana yake hana budi kurudi katika jana hiyo. Mchongezi hulalamika kwamba mwizi hageuki, kisha huufunga kwa mkono wake mlango pekee wa kugeukia.

Lakini ikiwa fedha zimepungua leo, sema leo, na sema juu ya leo. Sema kwamba hesabu ya Ijumaa haikulingana na stakabadhi. Hilo ni tendo, laweza kukaguliwa, na mwenye hatia atajulikana, awe ni yule aliyefungwa zamani au ni mwingine ambaye hajawahi kuiona selo. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 yamlazimu mtu mwenye mamlaka kazini kutoa habari ya hongo aijuayo au aishukuyo kabla ya saa 24 kupita. Tazama kwamba sheria hiyo yataka habari ya tendo. Haitaki historia ya ukoo wa mtu.

Iko jana moja ambayo siihesabu kuwa ya faragha, nayo ni ile inayomkabili mnyonge asiyeweza kujilinda. Mtu aliyewadhuru watoto, kisha akaomba kazi katika shule nyingine au bweni jingine, hana siri ya kulindiwa. Hapa ukimya ndio uovu. Tume ya Huduma za Walimu ilitoa waraka mwaka 2010 ukimtaka mwalimu ajuaye habari ya mwanafunzi kudhulumiwa kingono azipeleke kwa wakuu, na mwalimu anyamazaye aweza kuadhibiwa; na chini ya sheria ya mwaka 2012 jina la mwalimu asiyefaa hufutwa katika daftari la walimu. Wako watu wazima waliofunika mambo ya namna hiyo kwa jina la udugu na heshima ya shule, na walioulipa udugu huo walikuwa watoto. Nisieleweke vibaya: anayemficha mharibu watoto si mtunza siri, ni mlinzi wa mlango wa fisi.

Basi kabla hujafungua kinywa, jiulize maswali matatu. La kwanza: jambo hili lamhatarisha mtu gani leo, katika kazi hii hii? Kama huwezi kumtaja, nyamaza. La pili: nimemkabili mwenyewe na kumpa nafasi ya kujieleza au kusema kwa kinywa chake? Ila pale mtoto alipo hatarini, usiipite hatua hii. La tatu: niko tayari kutia jina langu na kurudia maneno haya mbele yake? Anayeshindwa swali la tatu hana haki ya kuliruka kwa kutuma barua isiyo na jina.

Nanyi vijana mna sababu zaidi ya kulifikiri neno hili kuliko wazee wenu. Jana ya babu yako ilikaa katika vichwa vya watu wachache, nao wakazeeka wakasahau. Jana yako imo katika simu: picha ya usiku mmoja, neno la hasira uliloandika ukiwa na miaka 15, kicheko usichokijua kilirekodiwa na nani. Simu haizeeki wala haisahau. Watu wa rika lako watakuwa na makovu yanayoonekana kuliko watu wa rika lolote lililotangulia, na mkiifanya desturi ya kupelekeana makovu kwa waajiri, hakuna atakayebaki kazini ila yule aliyewahi kufika mlangoni kwanza. Kovu la mwenzako si mali yako. Usiliuze.