Dawa ya Kunukia Haifui Dekio

Katika nyumba nyingi za mjini, ukiuliza dekio linafuliwa lini utaangaliwa kama umeuliza sabuni inaogeshwa lini. “Si kila siku linaingia kwenye maji ya sabuni na dawa?” Imani hiyo ni potofu: eti kinachosafisha hakichafuki, na kifuniko kimoja cha dawa ya kunukia kinamaliza kazi.

Litazame dekio lililoegeshwa nyuma ya mlango wa choo. Nyuzi zilizokuwa nyeupe zina rangi ya majivu, zimeshikana kwa utelezi. Pale zinapofungiwa pamenasa nywele, punje za wali na majimaji ya juzi. Hilo ndilo tunalopitisha sakafuni anapotambaa mtoto, kisha tunasifu nyumba inanukia.

Mtasema jiki inaua vijidudu. Inaua, lakini ikikuta uchafu mwingi, nguvu yake huishia kwenye uchafu huo. Mwaka 1971, Westwood na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika hospitalini Kanada: dekio linalowekwa likiwa bichi huzalisha bakteria kwa wingi mno, na dawa peke yake hailitakasi. Kinachofaa ni kulifua na kulikausha vizuri. Ikiwa hospitali ilishindwa kwa dawa, kifuniko chako kitafanya nini?

Basi ukimaliza kudeki, mwaga yale maji. Fua dekio kwa sabuni ya unga na maji ya moto, ukizitenganisha nyuzi kwa vidole, suuza mpaka maji yatoke meupe, kamua, ulitundike juani nyuzi zikining'inia. Ukitaka jiki, itie mwishoni, kwenye maji safi ya baridi. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, maana gesi yake ni sumu. Likiendelea kunuka hata baada ya kukauka, nunua jingine.

Najua, maji tunanunua kwa dumu. Lakini maji ya mwisho ya kusuuzia nguo, ambayo kila siku tunayamwaga uani, yanatosha kulifua. Na jua halina bili.

Kwa hiyo, mwenye nyumba, kabla hujamgombeza dada wa kazi kwamba sakafu inanata, nenda kwanza ukalinuse dekio ulilompa.