Namba ya bunduki inajulikana, namba ya mfanyakazi inapotea

Mu Marekani kuko soko moja ambalo lingeshangaza watu wa kwetu. Ni soko la bunduki mpya zinazotengenezwa makusudi zifanane na za zamani. Tena si bunduki yoyote, ni zile za wadunguaji, ma-tireur d'élite, askari wanaopiga mtu mmoja kutoka mbali kwa kumwangalia kupitia darubini. Wanunuzi wanazitaka kwa kukumbuka vita ya wababu wao. Mmoja anaitundika ku ukuta, mwingine anaenda nayo ku mashindano ya shabaha.

Kwetu huku, ndugu zetu wa Kivu na Ituri wanajua sana bunduki inafanya nini, na hakuna anayetafuta moja ya kupamba salon. Lakini mimi ni mtu wa sendika ya migodi, na nilipofuata habari ya bunduki hizi nilikuta ndani yake habari ya kazi. Njo hiyo ninataka tuichambue leo.

Tuanze na ile inayoitwa M1903A4, bunduki ya mdunguaji wa jeshi la Marekani mu vita ya pili ya dunia. Kompanyi Remington iliitengeneza mu mji mdogo wa Ilion, jimbo la New York, mwaka wa 1943 na 1944, karibu 28 000. Haikuwa kitu cha ajabu. Walichukua bunduki ya kawaida ya askari, 1903A3, wakaacha kuweka kile kijiti cha mbele cha kulengea, wakabadilisha mkono wa kufungulia usigonge darubini, na juu wakafunga darubini ya Weaver inayokuza kitu karibu mara mbili na nusu tu. Darubini ile ilikuwa ya wawindaji, ilitoka El Paso, Texas. Jeshi liliipa jina M73B1. Maji na mvuke viliingia ndani yake upesi. Lakini vita ilikuwa na haraka, wakachukua kilichokuwa sokoni.

Leo zile za kweli ni chache na bei yake iko juu. Njo maana kompanyi kama Gibbs, ya Martinsburg mu West Virginia, ilijenga nakala: chuma cha kati ni cha zamani, mtutu ni mpya, mti ni mpya, na darubini ni mpya lakini umbo ni lile la 1943. Na kuko kitu cha kuchekesha: darubini za kuiga nyingi zinatoka China, na kioo chake kinapitisha mwangaza kuliko cha zamani. Yule anayekumbuka vita akikaa ku mashindano anaona vizuri kuliko askari aliyelala mu matope.

Sasa, kuko nakala ya haki na nakala ya wizi. Ya haki inasema wazi: mimi ni nakala. Ya wizi, mtu anachukua 1903A3 ya kawaida, anafunga darubini juu, anaiuza kama A4 ya kweli. Wenye kujua hawadanganyiki na darubini, wanaangalia namba. Bunduki za A4 zilipewa mafungu ya namba yanayojulikana. Tena maandishi ya juu ya chuma yaligawanywa pembeni, mengine kushoto na mengine kuume, ili kiti cha darubini kisiyafunike. Kisha miaka 80, mtu anasoma namba moja na kusema: hii ilitoka Ilion wakati fulani, hii hapana. Msomaji, shika hiyo namba mu kichwa, tutairudilia.

Mkono uliogonga ile namba juu ya chuma ulikuwa wa nani? Nakala inakumbuka askari, inakumbuka vita, inakumbuka jina la kompanyi. Mfanyakazi hayuko.

Wafanyakazi wa Ilion walikuwa na sendika, na wengi wenu mtashangaa mukisikia ni gani: United Mine Workers of America, sendika ya wachimbaji wa makaa ya mawe, iliyozaliwa mwaka wa 1890. Ndiyo, wandugu. Watengenezaji wa bunduki walikuwa chini ya bendera ya watu wa migodi, sawa sisi.

Remington ilianza mwaka wa 1816. Mwaka wa 2018 ilianguka mu faillite, mwezi wa saba 2020 ikaanguka tena. Safari hii waliikata vipande na kuiuza: cartouches na jina upande mmoja, bunduki na kiwanda cha Ilion upande mwingine. Mwezi wa kumi wa mwaka ule, wafanyakazi 585 waliachishwa. Sendika ilipiga kelele kwamba pesa ya kuachishwa na siku za congé, vitu vilivyoandikwa mu mkataba, kompanyi imekataa kuvilipa. Matunzo ya hospitali nayo yakakatwa.

Patron mpya alifungua tena kiwanda 2021, akarudisha sehemu ya watu. Mwisho wa mwaka huohuo akatangaza kwamba makao makubwa yanahamia LaGrange, jimbo la Georgia, na kuahidi kazi 856 kule. Mwezi wa kumi na moja 2023 barua ikafika kwa sendika. Mwezi wa tatu 2024 mlango wa Ilion ulifungwa, na watu karibu 270 wakabaki inje.

Kompanyi ilisema sheria za Georgia zinapenda viwanda vya bunduki kuliko za New York. Pengine ni kweli. Lakini Georgia ni pia jimbo ambako sendika haina nguvu, na hiyo mtu wa sendika hawezi kuisahau.

Mtu asifikiri ninalilia bunduki. Mwaka wa 2012, mu shule ya Sandy Hook, watu 26 waliuawa, 20 ni watoto wadogo, kwa bunduki ya kundi hilohilo la Remington. Mwaka wa 2022 assurances zake zilikubali kulipa familia milioni 73 za dola. Familia zilikuwa na haki. Ninachosema ni kingine: wenye kuamua kutengeneza nini na kuuza kwa nani hawakuwa wale wanaosimama mbele ya mashine. Lakini siku ya kulipa, wale wa mashine njo walikosa hata congé yao.

Na Ilion haiko peke yake. Mudunguaji Carlos Hathcock, anayeandikiwa watu 93 mu vita ya Vietnam, alijulikana na bunduki ya Winchester Model 70, darubini juu yake ni Unertl ya Pittsburgh inayokuza mara nane. Darubini hiyo nayo iko na nakala yake leo. Bunduki ilikuwa ya kiwanda cha New Haven, Connecticut. Kiwanda kilifungwa mwezi wa tatu 2006. Lakini jina Winchester halikufungwa: Model 70 iliendelea kutoka, kwanza South Carolina, kisha ikaungwa mu Ureno. Jina linapanda ndege, mfanyakazi anabaki ku mlango.

Inatuhusu nini sisi wa Katanga? Kwanza, ganda la cartouche ni shaba iliyochanganywa na zinki, na sehemu kubwa ni shaba. Mu vita ile, shaba ya Union Minière ilienda kwa ma-Allié. Ni wababu zetu walioitoa. Walipoomba mshahara unaoweza kulisha mtu, tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1941, askari waliwapiga risasi ku uwanja wa mpira hapa Lubumbashi. Makumi walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi. Ni watoto wangapi wa leo wanajua jina lake?

Pili, kompanyi za kwetu zinabadilisha jina sawa nguo. Kompanyi moja, sitaitaja, ilifanya sikukuu ya miaka yake. Tulipewa kofia na tisheti, mwaka umeandikwa kifuani. Kisha iliuzwa. Mzee mmoja tuliyefanya naye kazi ku concentrateur alienda kwa patron mpya kuomba décompte final ya miaka 18. Bureau ilimwambia matricule yake haiko mu ordinateur. Alikuwa amevaa ile kofia. Walimjibu: kofia si document.

Bunduki ya 1943 inajulikana kwa namba yake kisha miaka 80. Baba mzima, aliyepoteza masikio ku broyeur, namba yake inapotea kisha miezi sita.

Code du travail yetu ya 2002 iko wazi: employeur akibadilika kwa kuuza ao kwa kuunganisha kompanyi, mikataba inaendelea na yule mpya. Lakini sheria inahitaji alama, sawa vile A4 ya kweli inahitaji namba yake. Kwa hiyo ba-délégué, kila mara mukisikia kompanyi inauzwa, ombeni vitu vitatu mbele ya signature. Liste ya matricules zote, na miaka ya kazi ya kila mtu, ifungwe pamoja na mkataba wa mauzo. Deni la congé na décompte lihesabiwe na liandikwe nani atalipa. Na copie moja ibaki kwa sendika, ingine ku Inspection du travail.

Na wewe mfanyakazi, usingoje délégué. Leo jioni ukifika nyumbani, tafuta contrat yako na bulletins de paie. Kama panya haijakula, piga photocopie mbili, moja mpe bibi yako aiweke. Kofia unaweza kuipa mtoto achezee.