Anayefika Bunkeya apige hodi kwa mwenyeji kwanza

Kila inapokaribia 20 Desemba, jina la Bunkeya linarudi vinywani mwa watu wa Lualaba. Bayeke hukumbuka siku hiyo ya mwaka 1891, mwami wao Msiri alipouawa. Wako wanaokwenda huko kwa ajili ya mila. Wako pia Wakristo wanaopenda kuona mahali ambapo misioni ya kwanza ya Katanga ilianzia. Wa kwanza husimulia habari za mwami, wa pili habari za wamisionari, kama vile ni mambo mawili. Ukweli ni kwamba habari ni moja, nayo inahusu jambo ambalo Kolwezi inalijua sana: namna mgeni anavyofika.

Frederick Stanley Arnot, Mskoti, alifika Bunkeya Februari 1886, baada ya safari ndefu kutoka pwani ya Benguela. Hakuwa na jeshi. Msiri hakumpokea siku ile ile. Alimweka pembeni akingoja, waganga wakimchunguza kama moyo wake ulikuwa mweupe kama ngozi yake. Baadaye ndipo alipopokelewa na kuruhusiwa kukaa. Misioni ya Garenganze, basi, ilianza kwa ruhusa ya mwenyeji Mwafrika. Arnot alikaa miaka miwili kwenye ardhi ya mtu, chini ya amri ya mtu, akijua kwamba neno moja la mwami lingetosha kumfukuza.

Miaka michache baadaye wakaja wageni wa namna nyingine. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alileta mkataba wa Waingereza, Msiri akaukataa. Desemba 1891 ikafika safari ya Kapteni Stairs, aliyemtumikia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Hao walikuja na bunduki na bendera, na hawakuwa na subira ya kungoja. Hawakumaliza hata wiki moja, Kapteni Omer Bodson akampiga Msiri risasi, naye Bodson akafa katika vurugu hiyo hiyo. Mpaka leo Bayeke wanauliza kichwa cha mwami wao kilipelekwa wapi.

Ni mji mmoja, na kati ya ugeni wa kwanza na wa mwisho haikupita hata miaka sita. Mgeni mmoja alipiga hodi, mwingine alivunja mlango. Anayetembelea Bunkeya bila kusikia habari zote mbili anarudi na nusu ya somo.

Wengine watasema hapo Msiri anapakwa sukari. Hapana. Msiri aliuza watumwa na pembe, na utawala wake ulikuwa mkali. Hata yeye alikuwa mgeni: baba yake, Kalasa, alitoka upande wa Unyamwezi, Tanzania ya leo, kufuata shaba, na mtoto akaja kuwatawala waliompokea. Basanga waliochoka waliasi kabla hata Stairs hajafika. Wamisionari nao hawakuwa nje ya mambo. Kitabu cha Arnot cha mwaka 1889 kiliifanya Garenganze ijulikane Ulaya, wakati ule ule ambapo wakubwa wa huko walikuwa wakiigombania Katanga. Kupiga hodi hakumfanyi mwenyeji kuwa mtakatifu, wala mgeni. Kunatambua tu kwamba nyumba ina mwenyewe.

Karibu zaidi na Kolwezi uko mfano mwingine. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa tayari maarufu kwa kitabu chake cha mwaka 1945 juu ya falsafa ya Kibantu alipokuja kufanya kazi Ruwe katika miaka ya 1950. Katikati ya makambi ya wafanyakazi wa Union Minière, aliketi na baba na mama wa familia, akawasikiliza. Kutoka hapo ikazaliwa Jamaa, na jina lenyewe ni la Kiswahili, lugha ya watu wa kambi. Aliyekuja kufundisha alikubali kufundishwa.

Leo wageni wanaofika Lualaba kwa wingi hawatafuti misioni. Wanatafuta shaba na kobalti. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 imeweka hodi yake: kampuni itie sahihi hati ya ahadi pamoja na wakaaji wa mahali, itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo yao, na 15% ya mrabaha iende kwa mamlaka za mitaa. Hiyo ni sheria, si zawadi. Lakini hodi ya karatasi haitoshi ikiwa kijiji kinaitwa kwenye mkutano baada ya mashine kuanza kuchimba. Msiri angewajua wageni wa aina hiyo.

Kwa hiyo misioni za zamani zina kazi leo, kutoka Bunkeya mpaka Kapanga. Zisiwe mahali pa kulala, kupiga picha na kuondoka. Anayepokelewa huko apelekwe kwanza kusalimia wakubwa wa mila, asikie historia kutoka kwa wazee wa Bayeke na wa Basanga, hata ikiwa wao wenyewe hawapatani, kisha ndipo aonyeshwe kanisa na makaburi. Parokia na shule ziandike maneno ya wazee hao kabla hawajazikwa nayo. Kurekodi mzee kwa simu hakuhitaji pesa za mgodi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Msiri, hawakupona wote wawili. Watoto wa Lualaba wakijua kwa nini, watajua pia cha kumuuliza mgeni wa leo kabla ya kumfungulia mlango.