Amri za Foleni: Uvivu au Busara?

Kuna ubishi uliotusumbua sisi wa kidato cha tatu muhula mzima, nami naomba nafasi niseme yangu. Mchezaji anayewapangia watu wake amri kwa foleni, je, ni mvivu au ana busara?

Wasioujua mchezo wenyewe niwaeleze. Ni mchezo wa kompyuta uitwao Age of Empires II. Ulitoka mwaka wa 1999, na toleo la Definitive Edition likatoka mwaka wa 2019. Unapewa wanakijiji wachache, unawatuma wakate miti, walime, wachimbe dhahabu na wajenge, huku adui naye akifanya vivyo hivyo. Hakuna kungojeana zamu. Katika toleo hilo la 2019, ukishikilia kitufe cha Shift unaweza kumpa mwanakijiji kazi kadhaa zifuatane: jenga nyumba, jenga ya pili, kisha nenda ukakate miti. Ukiachilia Shift ukatoa amri nyingine, zile za kwanza zote zimefutika!

Wenzangu wengine husema eti huo ni uvivu. Mimi nakataa. Jicho huona pembe moja tu ya ramani. Ukiwa vitani, mwanakijiji aliyemaliza nyumba husimama tu kama mlingoti. Tena foleni inataka hesabu. Nyumba moja ni mbao 25, na mbao hizo hukatwa pale pale unapoweka msingi. Nyumba tatu ni 75 kabla nyundo haijalia. Mvivu gani atapiga hesabu hiyo?

Lakini sitawadanganya. Jumamosi moja niliwapangia wanakijiji sita wajenge ghala, kisha waende kwenye dhahabu. Nikaenda zangu vitani. Kumbe wapanda farasi wa adui walikuwa wameshafika huko kwenye dhahabu. Baragumu ya hatari ikalia, nikaipuuza. Wote sita wakauawa. Hawakukosa utiifu, walitii mno. Mwenye kosa ni mimi, niliyetoa amri nisirudi kutazama.

Hapo nikamkumbuka mama. Yeye huenda sokoni alfajiri na kuniachia foleni yake: ukitoka shule teka maji, mchukue mdogo wako, kisha washa jiko. Juma lililotangulia mfereji ulikuwa umekauka. Nikangoja na mtungi wangu hadi giza likaingia, kwa kuwa maji ndiyo yaliyotajwa kwanza. Mdogo wangu, msichana wa gredi ya tatu, akabaki langoni mwa shule yao peke yake akilia. Nilipojitetea kwamba nilifuata amri, mama alinitazama tu, akasema, "Kwani wewe huna macho?"

Sikuwa na jibu. Mwanakijiji wa kompyuta hana macho, lakini mimi ninayo.

Basi msimamo wangu ni huu. Foleni ni busara, wala si uvivu. Ila anayeipanga arudi kuitazama, na anayepangiwa, akiwa binadamu, asisimame kwenye mfereji mkavu huku mtoto analia. Asiyekubaliana nami na anijibu katika toleo la mwaka ujao, au tukutane Jumamosi kwenye kompyuta. Shift nitakuwa nimeishikilia!