Deni Letu kwa Mwalimu
Wapo wanaosema Mwalimu Nyerere aliifilisi Tanzania kwa vita vya Kagera. Mimi, mwanafunzi kutoka Uganda, nakataa. Uchumi ulikuwa umeshayumba: ukame wa 1973 na 1974, bei ya mafuta kupanda, wakulima kuhamishiwa vijijini kwa nguvu, Jumuiya kuvunjika 1977. Kwa makosa ya sera zake, tumlaumu. Lakini vita alivianza Idi Amin, alipoivamia Kagera Oktoba 1978, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani. Aprili 1979 Kampala ilikombolewa. Mzigo wa gharama ukabaki kwa Mtanzania. Waganda wenzangu, kabla ya kuzicheka foleni zao za sukari na sabuni, tukumbuke kuwa sehemu ya foleni zile ilitulipia sisi.